Kona Hakunywa Maziwa

Glenys Hosking alionja siagi kiwandani kwetu kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemsikia akisema siagi ni nzuri. Ikiwa nzuri aligonga muhuri akaenda kwenye boksi linalofuata. Ikiwa mbaya alisema, na alisema mbele ya watu. Alichoma chuma chake kirefu hadi katikati ya boksi, akakichomoa, akanusa, akaramba, akatema, kisha akamwambia meneja kwamba ng'ombe wa fulani wameingia kwenye vitunguu pori, au kwamba fulani haoshi madebe yake sawasawa. Akikwambia krimu ilikaa juani, basi ilikaa juani. Najua, kwa sababu lori la krimu nilikuwa naendesha mimi, na mara mbili alinibaini kwamba nimesimama njiani kunywa bia. Hakuniona. Alionja tu.

Hapa kwetu Wirrabell, Australia, mtu wa namna hiyo huheshimiwa lakini hapendwi. Hakuwa na maneno matamu. Hakuoka keki za mnada wa shule. Mumewe alipofariki, waliokwenda kumpa pole walimkuta anasugua sakafu ya zizi, akawapa ndoo. Kiwanda cha siagi kilipofungwa, wengi tulidhani atahamia kwa dada yake Ballarat. Badala yake akaanza kulea koala, wale wanyama wetu wa manyoya wanaoishi juu ya mikalitusi na kubeba watoto mfukoni.

Ilianza na jike lililogongwa na gari mbele ya geti lake. Mama amekufa, lakini kwenye mfuko wa tumbo kitoto kilikuwa hai, hakina manyoya, rangi ya kidole. Glenys alikibeba ndani ya sidiria yake siku mbili mpaka Chama cha Waokoaji wa Wanyamapori kikamletea maziwa yake maalumu na chupa. Kitoto kile kilikua, kikarudishwa msituni, na chama kikampa cheti cha mlezi. Mimi ndiye niliyekiandika cheti hicho, maana nilikuwa katibu wa chama. Kwa miaka sita alilea zaidi ya koala thelathini na hatukuwahi kusikia lalamiko lolote.

Wenzake waliwapa koala wao majina ya kudekeza. Yeye aliwaita kwa mahali walipookotwa: Daraja, Posta, Kijito. Kila mmoja alikuwa na ukurasa wake daftarini: alipotoka, alipopitia, uzito, majani aliyokula, idadi ya pumzi kwa dakika akiwa amelala. Alinunua stetoskopu kuukuu kwa nesi mmoja mstaafu, na kila asubuhi alisikiliza vifua, kulia na kushoto, juu na chini. Aproni moja ya kuingilia banda hili, aproni nyingine ya banda lile. Mikono ilioshwa kama kiwandani, mpaka kwenye viwiko.

Sasa nieleze kilichotokea majira ya baridi ya mwaka wa tisini na saba, nikieleze kama kilivyokuwa, kwa sababu nimechoka kukisikia kikisimuliwa vingine.

Sheria ya chama ilikuwa moja: mnyama akiokotwa, kwanza apelekwe kliniki ya Daktari Alistair Crewe, akaguliwe, alazwe siku mbili tatu, ndipo apewe mlezi. Daktari Crewe alikuwa daktari wa mifugo wa bonde zima. Hakuna ng'ombe kati ya hapa na pwani ambaye hakuwahi kuingiziwa mkono wake. Alikuwa mcheshi, anajua majina ya wajukuu wa kila mtu, na koala aliwatibu bila malipo. Tulimpenda. Mbwa wangu alipomeza ndoano ya samaki alimpasua siku ya Krismasi, akacheka tu nilipomshukuru. Nataka msomaji ajue hilo, ili aelewe tulivyokuwa tumefungwa macho.

Mwezi wa saba alikuja Daraja, kitoto cha kunyonya, kutoka kliniki. Siku ya tano akapiga chafya. Siku ya saba pua ikatoa kamasi ya njano iliyokauka kama gundi, na pumzi, ambazo kwa koala aliyelala huwa kumi na kitu kwa dakika, zikafika thelathini na nane. Glenys akapiga simu. Daktari akamsikiliza nusu dakika na kumwambia kwamba maziwa yameingia njia ya hewa. Anamnyonyesha haraka mno, au ameinua chupa vibaya. Ni nimonia ya maziwa, jambo la kawaida. Akamtumia sindano za dawa ya kuua bakteria. Daraja akafa siku ya tisa.

Baada yake Posta, naye kitoto cha kunyonya. Chafya, kamasi, pumzi arobaini. Simu. Maziwa. Sindano zile zile. Lakini safari hii Glenys aliona jambo lingine: baada ya sindano ya tatu Posta aliacha kula hata majani laini aliyokuwa ameanza kuyatafuna. Tumbo la koala lina bakteria wake wanaomsaidia kusaga majani ya mkalitusi, ambayo kwa mnyama mwingine ni sumu. Ukimpa dawa kwa kubahatisha unaua wa tumboni na kuwaacha wa kifuani. Ndiyo maana lazima ujue kwanza unamwua nani. Glenys aliuliza kama haiwezekani kuchukua kijiti cha pamba, kukipitisha puani mwa mnyama, na kukipeleka maabara Melbourne wakaoteshe na kuona ni mdudu gani. Daktari akasema hakuna haja ya kuwasumbua watu wa maabara kwa kosa la chupa. Posta akafa.

Hapo mtu mwingine angelia, au angeacha. Na kwa siku chache hata Glenys aliamini. Alipika maziwa upya, akanunua chuchu mpya za chupa zenye tundu dogo, akajipima kwa saa namna anavyonyonyesha. Baadaye alikuja kuniambia kwamba zile siku ndizo alizochukia kuliko zote, kwa sababu alikubali kuambiwa siagi yake imeharibika bila mtu kuionja.

Kisha akaletewa Kona. Kona alikuwa dume zima, kilo kumi na moja, kovu mgongoni, aliyegongwa kwenye kona ya kanisa na kuvunjika mkono. Alilazwa kliniki siku nne akafungwa plasta. Alifika kwa Glenys akiwa na hasira, akamrarua bega. Siku ya tano akapiga chafya.

Dume la miaka saba. Kilo kumi na moja. Hajaona chupa ya maziwa tangu azaliwe na mama yake.

Glenys alimsikiliza kifua. Upande wa kulia, chini, sauti ilikuwa kama mtu anayekunja karatasi ngumu. Akapiga simu. Daktari hakuwepo, akaacha ujumbe. Akapiga tena. Jioni daktari akampigia na kabla hajamaliza kueleza akamwambia apunguze maziwa. Glenys akamwambia huyu ni dume zima. Daktari akasema basi atakuwa ameambukizwa na uchafu wa wale wawili wa kwanza, afanye usafi bandani. Usafi. Alimwambia Glenys Hosking afanye usafi.

Kona alikufa Jumamosi asubuhi, ameshika tawi kwa mkono wake mzima.

Glenys akamweka kwenye boksi la barafu, la kubebea vinywaji, na akaketi mezani na daftari lake. Alinionyesha ule ukurasa baadaye. Hakuandika swali la ugonjwa gani. Aliandika swali la kiwandani: *imepitia wapi?* Boksi likiwa na harufu, huishii kusema lina harufu. Unarudi nyuma hadi kwenye lori, hadi kwenye debe, hadi kwenye zizi. Tangu mwezi wa sita alipokea koala sita. Wanne, yaani Daraja, Posta, Kona na jike mmoja aitwaye Mnara, walipitia kliniki. Wanne wote walipiga chafya kati ya siku ya nne na ya saba baada ya kufika kwake. Wawili, Kijito na Ghalani, waliletwa na wakulima moja kwa moja mlangoni, siku ambazo kliniki ilikuwa imefungwa. Walikaa banda la pili, kwa aproni ya pili. Hakuna hata mmoja aliyepiga chafya.

Jumatatu asubuhi alikwenda kliniki bila kupiga simu. Akamwomba mama wa mapokezi amwonyeshe chumba cha nyuma wanapolazwa koala. Ukuta mmoja wa chumba kile ulikuwa na vizimba vya koala. Ukuta wa pili, hatua tatu, ulikuwa na vizimba vya mbwa wa watu walioenda Queensland kutafuta jua. Mbwa watano. Watatu wanakohoa, kile kikohozi kikavu kama bata aliyekabwa, ambacho kila mfugaji wa mbwa anakijua.

Daktari Crewe akaingia anafuta mikono.

"Umepotea njia, mama?"

"Hawa wanakohoa tangu lini?"

"Kikohozi cha mbwa. Kinakuja kila baridi, kinapita chenyewe."

"Na koala wangu walilala hapa."

Akacheka, si kwa ubaya, kama unavyomcheka mtoto. "Glenys, mbwa ni mbwa na koala ni koala. Kila mnyama na mafua yake. Hapa hatupimi siagi, bibie."

Glenys alitoka, akaingia kwenye gari lake, Kona akiwa kiti cha nyuma ndani ya barafu, na akaendesha saa mbili na nusu hadi maabara ya magonjwa ya wanyama Melbourne. Pale mapokezi walimwambia hawapokei mzoga bila fomu yenye sahihi ya daktari. Akauliza kama anaweza kukaa. Wakamwambia kiti ni cha umma. Akakaa na boksi mapajani, maji ya barafu yanamdondokea viatuni, toka saa nne mpaka saa saba mchana. Watu walipita wakamtazama. Mlinzi alikuja, akauliza ndani mna nini, akaambiwa, akaondoka.

Saa saba mwanamke mmoja mfupi alitoka akielekea kula. Alikuwa Daktari Nilmini Abeykoon, mtaalamu wa bakteria. Akaona maji sakafuni na kuuliza kuna nini.

"Dume la koala," Glenys akasema. "Kafa kwa kifua. Naambiwa ni maziwa."

"Nani kakuambia ni maziwa?"

"Daktari wetu."

"Kampasua?"

"Tangu augue hajamgusa."

"Na dume zima hilo linakunywaje maziwa?"

Glenys aliniambia kwamba pale nusura alie, baada ya majuma matano bila chozi, kwa sababu tu mtu mmoja aliuliza swali lililostahili kuulizwa. Akafungua daftari. Daktari Abeykoon alisoma kurasa zile amesimama, akasahau chakula. Kisha akalichukua boksi mwenyewe na kusema fomu ataisaini yeye. Aliahidi majibu baada ya juma moja, maana bakteria hukua kwa ratiba yake, huwezi kumharakisha. Akamwonya kwa jambo moja: mpaka majibu yatoke, asiwachanganye wagonjwa na wazima, kwa hali yoyote.

Alhamisi ya juma lile chama kiliitisha kikao katika ukumbi wa mji. Daktari Crewe alikuwa ameandika malalamiko: mlezi amepoteza wanyama watatu kwa uzembe wa kunyonyesha, na sasa anaeneza uvumi dhidi ya kliniki. Mwenyekiti wetu, Royce Pankhurst, muuza matrekta, aliyasoma kwa sauti ya msiba.

Tulikuwa kumi na mmoja. Glenys alisimama na daftari. Akaeleza wanne waliopitia kliniki na wawili ambao hawakupitia. Akaeleza mbwa. Akasema mzoga uko Melbourne na majibu yatakuja Jumatatu au Jumanne; akaomba tusubiri siku tano tu.

Daktari Crewe akainuka polepole. Alisema anajua Glenys anawapenda wanyama hawa.

"Lakini kupenda si kutibu, mama."

"Sijasema nawapenda," Glenys akajibu. "Nimesema Kona hakunywa maziwa. Nijibu hilo."

"Koala wanne si hesabu. Ni bahati mbaya."

"Boksi nne kutoka debe moja si bahati mbaya. Nijibu, Alistair. Maziwa aliyanywa wapi?"

Hapo mtu mmoja nyuma akatania kwamba labda Kona alikwenda baa. Watu wakacheka. Nami nilicheka. Kicheko kile kilimaliza mambo, maana baada yake hakuna aliyetaka kurudi kwenye swali, na hadi leo halijajibiwa. Mwenyekiti akasema tumwondolee cheti Glenys kwa muda, na wanyama wake wahamishwe. Wanaokubali wanyooshe mikono. Mkono wangu ulikuwa wa tatu kupanda. Nilimtazama daktari aliyemwokoa mbwa wangu, nikamtazama mwanamke aliyenichongea kwa meneja kwa sababu ya bia, na mkono ukapanda wenyewe. Katika kumbukumbu za kikao niliandika: *kwa kauli moja*.

Glenys hakutukana. Alisema tu, "Basi msiwachanganye. Mnara peke yake, wale wawili peke yao. Magari mawili. Mabanda mawili. Hilo tu nawaomba." Na mwenyekiti akasema limesikika.

Kesho yake asubuhi pikapu ya kliniki ilikuja na vizimba vitatu, vikapangwa kimoja juu ya kingine. Mnara, anayetoka kamasi, akawekwa juu. Chini yake Kijito na Ghalani. Turubai likafungwa ili wasipate baridi. Saa nzima ya safari, chini ya turubai moja, hadi kwa Ilse Baumgarten ng'ambo ya bonde, mlezi aliyekuwa na koala tisa wazima. Ilse hakuwepo kwenye kikao. Alikuwa kwake kitandani, anaumwa goti. Dereva alimwambia hawa ni wa Glenys, wananyonyeshwa vibaya, watapona kwako. Ilse akawaweka wote banda moja, kwa nini asiwaweke? Hakuna aliyemwambia. Glenys alikuwa amempigia simu mara nne, lakini Ilse na goti lake hakuweza kuifikia simu kwa wakati, na ujumbe ambao Glenys aliuacha kwa mwenyekiti, ampelekee Ilse, ulibaki kwenye meza ya mwenyekiti, chini ya orodha ya bei za matrekta.

Jumanne majibu yakatoka. Katika mapafu ya Kona, na katika pua yake, ilikuwa imeota bakteria iitwayo bordetela, bila mchanganyiko, kama shamba la mahindi lisilo na magugu. Ndiyo hiyo hiyo inayowakohoza mbwa. Koala hawana kinga nayo. Maziwa hayakuwapo mapafuni, hata tone. Na ile dawa ya sindano waliyokuwa wakipewa, bakteria hiyo ilikuwa haiisikii kabisa.

Daktari Abeykoon alikuja mwenyewe siku iliyofuata. Alipitisha vijiti puani mwa koala wote wa Ilse na, kwa barua ya serikali mkononi, puani mwa mbwa wa kliniki. Mdudu ni yule yule. Daktari Crewe alisema basi ni wazi koala waliupata ugonjwa kwa mbwa wa Glenys. Glenys hana mbwa. Hajawahi kuwa na mbwa. Hata paka hana. Ilibidi mama wa mapokezi wa kliniki, mwanamke mpole ambaye mshahara wake ulitoka mfukoni mwa daktari huyo huyo, aseme taratibu mbele yao wote: "Daktari, Glenys hana mbwa."

Kwa Ilse, siku ile chafya zilikuwa zimeanza. Glenys alikwenda bila cheti, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Akasikiliza vifua kumi na viwili, akavigawa vikundi vitatu kwa sauti, na dawa sahihi ikatolewa kwa kipimo cha Abeykoon, pamoja na uji wa majani yaliyosagwa ili kuyaokoa matumbo. Ilse, mguu wake juu ya kiti, alikuwa akihesabu pumzi kwa saa ya mkono na kutoa hesabu kwa Kijerumani kila alipochoka. Kati ya wale kumi na wawili saba walikufa. Kijito alikuwa mmojawapo, Kijito ambaye hakuwa na ugonjwa wowote mpaka tulipompandisha kwenye gari kwa kura zetu.

Ilse ndiye aliyekasirika kwa sauti. Alikuja kwenye kikao kilichofuata kwa magongo. Daktari Crewe hakuja. Alituma neno kwamba kuna ng'ombe anazaa. Mwenyekiti aliniagiza niandike tu kwamba taarifa ya maabara imepokelewa, kisha tuendelee na mengineyo. Nikasimama nikaisoma yote, kurasa tatu, pamoja na majina ya Kilatini niliyokuwa siyawezi. Mwenyekiti aligonga meza mara mbili. Nilipomaliza niliomba kumbukumbu za kikao kilichopita zirekebishwe. Akasema haiwezekani, zimeshathibitishwa.

Ilse akasema, "Saba, Royce. Nimewazika saba. Chimba wewe kaburi moja kwa mguu mmoja, halafu uniambie haiwezekani."

Hazikurekebishwa. Mnyonge mnyongeni, wahenga walisema, haki yake mpeni. Sisi tulimnyonga na haki yake tukaiweka kwenye mengineyo. Glenys aliandikiwa barua ya mistari miwili. Chama kinasikitika *kwa usumbufu wowote uliojitokeza*, na kinamrudishia cheti, endapo atahudhuria mafunzo ya siku moja ya kunyonyesha kwa usalama. Barua ilirudi kwa posta. Hakuandika neno. Alikuwa ameigonga muhuri wake wa kiwandani, ule wa wino mwekundu wa boksi zinazotupwa: *Daraja la tatu. Ina harufu.*

Cheti alikipata kwingine, moja kwa moja kutoka idara ya serikali, kwa barua ya Daktari Abeykoon. Tangu hapo hakuna koala wa Glenys wala wa Ilse aliyelala kwenye ile kliniki. Wakifika hupitishiwa kijiti puani kabla ya kitu kingine chochote, na hukaa peke yao majuma mawili, wapige chafya wasipige.

Mimi nilijiuzulu ukatibu. Si ushujaa, nilichelewa mno kwa ushujaa. Nilikwenda kwa Glenys na hotuba niliyoitayarisha njiani. Alikuwa anasuuza ndoo. Nikaanza kusema kwamba nilikosea, kwamba mkono wangu...

"Wa tatu," akasema. "Niliuona. Una msumeno?"

Nikasema ninao.

"Majani ya mto yameisha. Wanakula matawi manene kama kidole, si zaidi. Ukileta mabichi kabla ya saa mbili asubuhi, nitayapokea. Ukileta maneno, Merv, nenda nayo."

Nikaleta matawi, siku ile na kila siku iliyofuata, miezi mitano. Hakuwahi kuniambia asante wala kunikaribisha ndani, na sikuona kwamba nina haki ya kukaribishwa.

Mnara alipona. Alichukua muda mrefu, akakonda mpaka makucha yakaonekana makubwa kuliko mikono, lakini mwezi wa kwanza pumzi zake zilikuwa kumi na mbili na kifua kimya pande zote. Siku ya kumrudisha msituni iliangukia Jumamosi ambayo kliniki ilifungua chumba chake kipya cha wanyamapori, chenye mlango wake na hewa yake, mbali na mbwa. Mji wote ulikuwa kule. Kulikuwa na soseji za kuchoma, mwandishi wa gazeti la wilaya, na utepe. Daktari Crewe alihutubia kwamba kliniki yake ni ya kwanza bondeni kutambua hatari ya maradhi ya mbwa kwa koala. Walipiga makofi. Jina la Glenys halikutajwa. Niliuliza watu wengi, nao wote walikuwa na hakika kwamba halikutajwa, na hakuna aliyeona ajabu.

Kando ya mto tulikuwa watatu: Glenys, Ilse na mimi niliyebeba kizimba. Glenys alimsikiliza Mnara mara ya mwisho, kulia na kushoto, juu na chini. Akaandika daftarini. Nilipofungua mlango Mnara alikaa kidogo, akanusa shina la mkalitusi, kisha akapanda, akiparura magome, mpaka kwenye panda la kwanza, na la pili. Ilse alimwuliza Glenys kama amesikia habari za utepe kule mjini.

"Nimesikia," Glenys akasema. "Kajenga chumba kizuri. Nilikwenda kukiona juzi. Mlango unafungukia upande wa mbwa."

Akakunja daftari, akateremka mtoni kunawa mikono, mpaka kwenye viwiko.